Alhamisi za Nyuma ya Daftari

Tulianza nyuma ya daftari langu la madeni,
ukurasa mmoja baada ya Bi Salhina
na lile gauni la Idi asilolilipa mpaka leo.
Vuai akapiga mstari kwa rula,
kama apigavyo mistari kazini,
akaandika ALHAMISI, na chini yake: SISI WAWILI.
Kisha akaitazama kalamu.
Miaka kumi na tisa, yakhe,
na hatujui tuanzie wapi.

Masharti niliyatoa mimi:
tusivuke bahari,
tusizidishe elfu kumi,
tusiwazungumze watoto.
Hili la tatu tulilivunja kabla wino haujakauka.

Alhamisi ya kwanza hatukutoka, tulipanda.
Juu kabisa ya jumba letu la Michenzani,
baina ya matangi ya maji,
na jamvi, na chupa ya chai ya tangawizi.
Tukamfumania kijana wa ghorofa ya pili na sigara yake;
akatuamkia, akaizima, akashuka mbio
kama kwamba sisi ndio baba yake.
Vuai akanionesha mji:
zile taa nyeupe hospitali, ule mstari barabara,
na pale penye giza, akasema, pana waya umekatika.
Mwanamume huyu! Hata mapenzini kazi haimtoki.

Ya pili tuliikusudia Forodhani.
Tukauliza bei ya pweza, muuzaji akatujibu Kizungu.
Tukaondoka na kiburi chetu mzima mzima
tukaenda kula urojo Mkunazini, juu ya ubao wa kukalia,
bakuli moja, vijiko viwili,
na kachori ya mwisho ikielea katikati kama kesi.
Nilimwachia.
Katika daftari imeandikwa, kwa mkono wangu: nilimwachia.

Ya tatu ilinyesha.
Tulipanga kwenda Darajani maduka yakishafungwa,
tununue kwa macho, kila mtu amchagulie mwenziwe.
Badala yake nilikuwa na sare saba za skuli za kumaliza,
naye akakaa sakafuni kando ya cherehani
akikata nyuzi kwa mkasi mdogo, hata redio hatukuifungua.
Hiyo hatukuiandika.
Sijui kwa nini hatukuiandika.

Ya nne ilikuwa zamu yake, na hakusema.
"Vaa viatu vya kutembelea," basi.
Akanipitisha Kikwajuni, uchochoro ule ule,
mpaka nyumba aliyokuwa akikaa marehemu mama,
sasa ya watu wengine, imepakwa kijani.
Akamulika kwa simu ukutani:
mita mpya ya Tukuza, inakonyeza taa yake nyekundu,
na juu yake matundu manne ya skrubu,
na mraba ambao rangi mpya haikuufikia.
"Hapa," akasema. "Alfu nne, mia mbili na kumi na saba."
"Nini?"
"Uniti. Siku uliyonifungulia na unga mikononi."

Nikanyamaza. Mimi nina hesabu nyengine:
mita husomwa mara moja kwa mwezi,
na mwezi ule alikuja mara nne,
hata mama akauliza,
umeme wa nyumba hii una maradhi gani?
Na mara ya tatu, nilipousikia mgongo wa baiskeli yake
ukiegemea ukuta,
unga ule niliupaka makusudi.
Hilo hajui. Nimeliweka,
Alhamisi ijayo ni zamu yangu.

Komeo likalia ndani.
"Nani huyo?"
Vuai, mvi kidevuni, saa nne ya usiku,
anamulika ukuta wa watu, akajikaza:
"Shirika la umeme."
"Saa hizi?"
"Tunahakiki!"
Akanishika mkono, asitazame nani anaona,
tukaufuata uchochoro, mtandio nimeuuma kwa kicheko,
goti langu likinilaumu kila hatua,
na nyuma yetu yule mwana wa watu, mlangoni,
na msuli wake, bado anauliza giza:
"Mnahakiki nini?"